Asidi imechuna terazo ya sebule: je, vanishi itarudisha mng'ao?

"Habari za kazi, fundi. Mwaka jana tulinunua nyumba ya zamani South C, Nairobi. Mzee aliyetuuzia alisema ilijengwa miaka ya sabini. Sebule na korido ni terazo, vyumba vya kulala ni parketi, na baraza ni ile saruji nyekundu. Wapaka rangi walipomaliza kazi walituachia matone ya rangi na saruji kila mahali. Kijana wao akamwaga asidi ya choo sebuleni, akaiacha kama dakika kumi, kisha akasugua kwa brashi ya waya. Matone yalitoka, lakini sasa sakafu ina mabaka ya kijivu na meupe, na ukipitisha kiganja inakwaruza kama msasa. Nimejaribu jiki, nikajaribu siki na limau, nikajaribu sabuni ya unga, na bado inazidi kufifia. Fundi mmoja anasema tupake vanishi mara mbili, itang'aa kama kioo. Mwingine anasema terazo imekufa, tuweke vigae juu yake. Tena kwenye parketi, vibao kadhaa karibu na mlango wa bafu vimeinuka tangu mvua za Aprili. Mama mkwe wangu anaishi nasi, ana miaka 74, kwa hivyo naogopa utelezi pia. Nianzie wapi?"

Pole sana, dada. Sebule za namna hiyo nimezikuta Buruburu, Woodley, Ngara na huko kwenu South C, na nikwambie mapema ili upate usingizi: terazo yako haijafa. Imechunwa ngozi ya juu tu. Chini ya hayo mabaka ipo sakafu ileile ambayo yule mzee aliikanyaga miaka yote hiyo, na inaweza kufikiwa tena. Ila haitafikiwa kwa kumwaga kitu kingine kutoka kwenye chupa, na kabla sijaeleza sababu, kuna jambo la usalama ambalo haliwezi kungoja.

Umetaja jiki, siki na asidi ya choo katika barua moja. Sijui kama vilikutana sakafuni kwa wakati mmoja, na ninaomba iwe havikukutana. Jiki ikigusana na asidi yoyote, hata ya limau, hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho, koo na mapafu. Kwenye sebule iliyofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ya Julai, na mtu mzima wa miaka 74 amelala chumba cha pili, hiyo si harufu ya usafi. Ikiwa kuna yeyote nyumbani ambaye tangu siku hiyo anakohoa au anabanwa kifua, apelekwe hospitali leo, na daktari aambiwe wazi ni dawa gani zilitumika. Kuanzia sasa usimwage tena kitu chochote kikali juu ya sakafu hiyo.

Unachoweza kufanya leo ni kuiosha ili itulie. Chukua vijiko viwili vya mezani vya magadi soda, ile tunayotia kwenye maharagwe, uviyeyushe katika ndoo ya lita 10 ya maji. Tandaza maji hayo kwa tambara, yaache dakika kumi, kisha suuza kwa maji safi mara mbili na uyakaushe. Asidi nyingi imeshajimaliza yenyewe, lakini imeacha chumvi ndani ya vinyweleo vya sakafu. Chumvi hiyo, kloridi ya kalsiamu, ina tabia ya kunyonya unyevu hewani, na ndiyo maana baadhi ya mabaka huonekana mabichi asubuhi ingawa hakuna aliyepiga deki. Ukiona pia vidoadoa vya kahawia siku zijazo, usishangae: ni vipande vidogo vya ile brashi ya waya vinavyoshika kutu. Vitoe kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti, usivisugue.

Sasa tuje kwenye kilichotokea hasa. Terazo ni kokoto za marumaru zilizokandwa katika saruji, zikaachwa zishike, kisha zikasagwa kwa mashine hadi uso ukawa laini kabisa. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, udugu mmoja na ganda la yai na mawe ya matumbawe ya kuta za Mji wa Kale Mombasa. Kitu hicho hakivumiliani na asidi hata kidogo. Chukua ganda la yai jikoni, lidondoshee limau, usogeze sikio: utasikia linachemka kwa sauti nyembamba sana, na viputo vitapanda. Viputo hivyo ni hewa ya ukaa inayotoka jiwe linapoyeyuka. Hicho ndicho kilichotokea sebuleni kwako kwa dakika kumi, kwa asidi yenye nguvu mara nyingi kuliko limau. Na wewe ulipoleta siki na limau ukidhani unaondoa uchafu, ulikuwa unaongeza kidonda. Sikulaumu. Watu wengi tumelelewa tukiamini kwamba limau husafisha kila kitu, na kwenye sufuria ni kweli. Kwenye terazo, marumaru na saruji si kweli.

Hapo ndipo penye kosa linalowagharimu watu pesa nyingi, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo. Doa ni kitu kilichoingia: mafuta, chai, kutu. Doa hutolewa. Ulicho nacho wewe ni kitu kilichotoka. Uso uliokuwa laini ulikuwa unarudisha mwanga upande mmoja kama kioo, na sasa una vilima na mabonde madogo yanayoutawanya mwanga kila upande, na macho yako yanauona mtawanyiko huo kama weupe. Hakuna sabuni inayoweza kurudisha jiwe lililokwisha kuyeyuka.

Jihakikishie mwenyewe usiku wa leo. Zima taa ya sebule, lala kifudifudi, weka tochi ya simu chini kabisa ili mwanga utambae juu ya sakafu. Utaona mpaka wa baka kama ramani ya ziwa. Halafu lowesha kitambaa cheupe na upanguse baka moja. Angalia: kokoto za kijani, nyeusi na krimu zinarudi na rangi zake zote. Ngoja dakika tano maji yakauke, nazo zimepotea tena. Hiyo ni dalili kwamba ni jeraha la uso. Kama baka lingebaki na rangi ileile likiwa bichi na likiwa kavu, tungezungumza juu ya doa.

Jaribio hilo pia linakueleza kwa nini fundi wa vanishi anasema kwa ujasiri kwamba sakafu itang'aa. Hakudanganyi. Vanishi hujaza yale mabonde kama maji yafanyavyo, tofauti ni kwamba haikauki ikapotea. Siku ya kwanza utafurahi sana. Shida huja baadaye, nayo huja kutoka chini.

Nyumba nyingi za umri wa yako zilimwagiwa sakafu bila karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu chini ya zege, au iliwekwa na imeshatoboka. Zege ni kama sifongo gumu. Masika yakija, unyevu wa ardhini hupanda taratibu, hufika juu kama mvuke na kuondoka zake bila wewe kuuona. Terazo iliyo wazi huuachia upite. Ukiifunika kwa vanishi, mvuke unafika chini ya ngozi hiyo ya plastiki na kukosa njia. Kwanza panatokea ukungu mweupe, halafu malengelenge, halafu magamba yanayobanduka kwa ukucha. Nilijifunza hili vibaya nikiwa kijana. Bwana mkubwa wangu wa kazi alinituma nipake vanishi kwenye korido ya terazo ya shule moja hapa Nairobi, mwezi wa pili, sakafu ikiwa kavu kabisa. Tuliondoka tukisifiwa. Mwezi wa sita tuliitwa kubandua vanishi hiyo kwa kemikali na vikwangulio, siku nne tukiwa tumepiga magoti, na chini yake terazo ilikuwa imebaki na mabaka kama ngozi yenye mba. Tangu siku hiyo sipaki chochote juu ya sakafu ya chini kabla ya kuipima.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Kata karatasi ya nailoni safi, upana wa sentimita 45 kila upande, ibandike sakafuni kwa selotepu kingo zote nne pasipo mwanya. Iache saa 24. Fanya hivyo mahali patatu: katikati ya sebule, karibu na ukuta wa nje, na kwenye korido karibu na bafu. Ukikuta matone chini ya nailoni, au sakafu imekuwa nyeusi zaidi kuliko pembeni, unyevu unapanda na vanishi isiingie nyumbani kwako. Na ukikuta pakavu wakati wa kiangazi, rudia mwezi wa Aprili kabla ya kuamini.

Yule wa vigae naye ana hoja, ingawa si kwako. Vigae juu ya terazo huinua sakafu kwa sentimita moja na nusu au mbili, kwa hivyo milango yote itakatwa chini na patatokea kizingiti kati ya sebule na vyumba vya parketi. Mtu wa miaka 74 hujikwaa kwenye kizingiti kidogo kama hicho. Gundi ya vigae pia haishiki vizuri juu ya uso uliong'arishwa mpaka ukwaruzwe kwanza. Ningekubaliana naye kama terazo ingekuwa imechimbwa mitaro ya mabomba na kuzibwa kwa saruji ya kawaida nusu ya chumba. Kwa jeraha la asidi la dakika kumi, ni kuzika kitu kizima.

Dawa yenyewe ni kusaga. Fundi wa terazo huja na mashine nzito inayozunguka, iliyofungwa pedi za almasi chini, na maji yakimwagika muda wote. Anaanza na pedi kali na kwenda kwenye laini hatua kwa hatua: 100, 200, 400, 800, na kuendelea hadi 1500 au 3000 kwa anayetaka kioo. Kila pedi kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya iliyotangulia, na fundi anayeruka namba ili amalize kabla ya saa saba mchana atakuachia mizunguko utakayoiona kila jua linapoingia dirishani. Terazo huwa na unene wa kama sentimita moja hadi mbili, na jeraha kama lako kwa kawaida halifiki hata milimita moja. Ndiyo maana nasema ipo ya kutosha.

Sisitiza maji. Kusaga terazo au saruji kukavu hutoa vumbi la silika, na vumbi hilo likikaa mapafuni halitoki. Halimdhuru fundi peke yake, huingia kwenye makochi, mapazia na vitanda vyenu. Akikuambia mashine yake haitumii maji, mshukuru na utafute mwingine. Unaweza pia kumwona akileta unga mweupe wa mwisho wa kung'arishia. Mara nyingi huo ni asidi oksaliki, na najua neno asidi litakushtua. Hii hufanya kazi tofauti: inapogusana na kalsiamu huunda utando mgumu juu ya jiwe, na mafundi wa marumaru wameitumia kwa muda mrefu. Kwa kiasi kidogo, ikisuguliwa kwa mashine na kusuuzwa, haina ubaya. Lakini ni sumu ikimezwa, kwa hivyo mfuko usiachwe jikoni, na fundi avae glavu.

Matundu madogo yaliyochimbwa na asidi atayajaza kwa saruji ya rangi inayofanana, halafu ayaache yashike siku kadhaa kabla ya pedi laini. Usimharakishe hapo.

Baada ya kusaga ndipo tunaongea juu ya kuziba. Dawa za kuziba ziko za aina mbili, na dukani mara nyingi zinauzwa kwa jina moja. Ya kwanza hukaa juu na kufanya ngozi, ukoo mmoja na vanishi. Ya pili ni nyembamba kama maji, huingia ndani ya vinyweleo na kuvifanya vikatae mafuta na chai, huku mvuke wa chini ukiendelea kupita. Kwa nyumba yako nataka hii ya pili. Ipakwe sakafu ikiwa imekauka kabisa, ikae kwa dakika zilizoandikwa kwenye mkebe, kisha inayobaki juu ipanguswe isikauke hapo. Kujua kama imeshika, weka tone la maji baada ya siku mbili: likikaa limeviringika kwa dakika kumi bila kuacha alama nyeusi, iko sawa. Tone likianza kunywewa, baada ya mwaka mmoja au zaidi, wakati wa kurudia umefika. Lakini naomba ulishike hili, maana wauzaji hawalisemi: dawa hiyo huzuia madoa, haizuii asidi. Limau likidondoka bado litakula jiwe. Pangusa mara moja.

Kuhusu utelezi wa mama, nina maoni yangu na siyafichi. Ningeishia pedi ya 400, au 800 ukipenda mng'ao kidogo. Sakafu itakuwa na wororo wa yai, rangi za kokoto zitaonekana zote, lakini haitakuwa kioo. Terazo kavu iliyo safi haitelezi sana hata ikiwa imeng'arishwa. Hatari ni maji, sabuni iliyobaki na nta, na uso wa 400 hushika mguu uliolowa vizuri kuliko ule wa 3000. Wageni watasifu kioo kwa siku moja, na mama ndiye atakayetembea hapo usiku kwenda chooni.

Usafi wa kila siku ni mwepesi kuliko unavyofikiri. Adui mkubwa wa terazo Nairobi ni vumbi la barabarani, maana ndani yake kuna chembe za kwazi, yale madini magumu ya mchanga, ambazo kwenye kipimo cha ugumu wa madini zina 7, na marumaru ina 3. Kila kiatu ni msasa. Weka mkeka mkwaruzo nje ya mlango na mwingine laini ndani, fagia kwa ufagio laini kabla ya kugusa maji, kisha piga deki kwa tambara lililokamuliwa na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwenye ndoo ya lita 10. Maliza kwa maji matupu. Sabuni ya unga ni ya nguo: huacha utando unaonata, vumbi linaukalia, nawe unadhani sakafu ni chafu na kuongeza sabuni. Kama mnatumia maji ya kisima, kausha kwa tambara, kwa kuwa mengi yana chumvi inayobaki kama ukungu yakikauka yenyewe. Na matone ya rangi siku nyingine yaloweshwe kwa maji ya moto kidogo na kuondolewa kwa kikwangulio cha plastiki. Ni kazi ya uvumilivu, basi.

Parketi ni habari nyingine kabisa, na vibao vyako vilivyoinuka vinanitia wasiwasi kuliko terazo. Mbao ni mafungu ya mirija. Ikinywa maji hupanuka kwa upana, na vibao vilivyobanana ukuta kwa ukuta vikikosa pa kwenda, huinuka. Kwa kuwa vimeinuka karibu na bafu tu, sidhani ni mvua peke yake. Nashuku bomba linalovuja au grauti ya bafu, ile saruji ya kati ya vigae, iliyoliwa, pengine na asidi ileile ya choo. Funga koki zote za ndani ya nyumba usiku (usifunge ile ya mita), soma mita, soma tena asubuhi. Ikiwa imesogea, mwite fundi bomba kabla ya fundi mbao. Usivigonge vibao kwa nyundo kuvirudisha, na usivipige msasa vikiwa vibichi, maana vitakapokauka vitabaki mashimo. Vitoe kwa upole, andika namba nyuma ya kila kimoja kwa penseli, vianike kivulini wiki kadhaa. Chunguza ubao wenyewe: parketi nyingi za zamani za Nairobi ni muhugu, mti mgumu wenye harufu nzuri unaoota hata Karura, na ukikipiga msasa kidogo kwa nyuma utaisikia harufu hiyo. Muhugu haupatikani ovyo siku hizi, kwa hivyo usiruhusu hata kibao kimoja kitupwe. Juu ya parketi, tofauti na terazo, vanishi ina mahali pake, lakini baada ya unyevu kuisha. Na isipigwe deki ya maji mengi kamwe, tambara liwe limekamuliwa hadi halidondoshi.

Saruji nyekundu ya baraza iache na nta yake, ipakwe nyembamba na kusuguliwa hadi kidole kisiteleze. Tulikuwa tukiisugua kwa kipande cha blanketi kuukuu chini ya mguu, na bado ni njia bora kuliko zote. Usichanganye nta na mafuta taa, na usiipeleke nta hiyo ndani kwenye terazo.

Kuna hali mbili ambazo maandishi yangu hayatoshi. South C sehemu kubwa imekaa juu ya ule udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, na nyumba hutikisika nao polepole. Ukiona ufa kwenye terazo unaopanda hadi ukutani, au upande mmoja wa ufa uko juu kuliko mwingine, au ufa unaopanuka kila kiangazi, mwite mhandisi wa majengo aliyesajiliwa aje auone kwa macho kabla hujalipia kusaga. Na kama kipimo cha nailoni kitaonyesha maji mengi mahali pote patatu, unahitaji mtu aje atazame mifereji ya nje na njia ya maji ya mvua.

Ukishapata fundi wa terazo, usilipe amana siku ya kwanza. Mwambie akusagie mita moja ya mraba nyuma ya kochi, hatua zote hadi 400, na umlipe kazi hiyo ndogo. Iache siku mbili. Itazame asubuhi, itazame usiku kwa tochi chini, mwagia maji kikombe kimoja, kisha mshike mama mkono akanyage pakavu na pabichi, pekupeku na kwa ndara zake, na umuulize anahisi nini mguuni.